Acheni kuisingizia kompyuta

Kila nikikaa na mashabiki wenzangu wa anime, wimbo ni ule ule. "Za zamani zilikuwa na roho. Za siku hizi ni kompyuta tu." Jumamosi iliyopita nimeusikia tena, safari hii kutoka kwa jamaa ambaye tumetazama naye anime tangu shule ya upili, enzi zile za kupeleka flashi kwenye duka la muvi na kurudi na vipindi thelathini vya Naruto, vitatu vimekatika katikati na kimoja hakina tafsiri. Nilimjibu kwa ufupi. Akacheka, akasema najitetea kwa sababu kompyuta ndiyo inayonilisha. Sawa. Leo namjibu kwa urefu, na ninyi wengine mnaofikiri kama yeye mkae kitako msikie.

Ni kweli, naandika programu, na kazi hiyo ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba. Lakini ni kazi hiyo hiyo iliyonifundisha kuona kosa katika wimbo huu. Ukikutana na aplikesheni mbovu, swali la kwanza haliwi iliandikwa kwa lugha gani. Unauliza nani aliiandika, alipewa wiki ngapi, na alilipwa nini. Anime ni hivyo hivyo. Kile mnachokiita roho, kwa macho yangu, ni muda. Muda aliopewa mchoraji, pamoja na pesa za kumwezesha kula na kulala huku akiutumia. Mpe muda huo, utaiona roho hata kama kila kitu kimepitia kwenye kompyuta. Mnyime, hutaiona hata kama amechora kila kitu kwa penseli.

Hebu tuanze na hiyo zamani yenyewe.

Tetsuwan Atomu, ambayo wengi mnaijua kama Astro Boy, ilianza kuonyeshwa tarehe 1 Januari 1963 kwenye Fuji TV. Ndiyo iliyofungua njia ya anime ya nusu saa kila wiki. Osamu Tezuka aliiuza kwa kituo hicho kwa bei iliyokuwa chini ya gharama ya kuitengeneza. Sasa wiki ni fupi na pesa ni kidogo, utafanyaje? Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Studio yake ikawa inachora nane hivi na kurudia kila mchoro mara tatu. Mdomo unasogea, mwili umetulia kama picha ya kitambulisho. Michoro ya Atomu akiruka ikawekwa akiba, ikatumika wiki hii, ikatumika wiki ijayo, na nyingine tena. Sisi waandishi wa programu tungeiita maktaba ya msimbo :-) Studio hiyo, Mushi Production, ilifilisika mwaka 1973.

Sisemi Atomu ni mbaya. Itazame, hasa ukitaka kujua anime ilitoka wapi. Nasema anime ya televisheni ilizaliwa ikikimbizana na saa, miaka mingi kabla kompyuta haijaingia studio. Huo uzamani mtakatifu mnaouimba ulikuwa na njia za mkato tangu siku ya kwanza.

Mnataka mfano wa karibu? Dragon Ball Z, 1989 hadi 1996, vipindi 291. Freeza anasema sayari ya Namek italipuka baada ya dakika tano. Dakika tano hizo zinakula vipindi hadi mtazamaji anasahau zilianza lini. Wanaume wawili wanatazamana, upepo unavuma, jiwe linapaa, tunarudishwa kwa wale wanaotazama, wanashangaa, tunarudi kwa wale wawili, bado wanatazamana. Sababu inajulikana: anime ilikuwa imeikaribia mno manga ya Akira Toriyama iliyokuwa bado inachapishwa kila wiki, ikabidi ivute muda. Kila mchoro ulikuwa wa mkono. Roho iko wapi katika kutazamana huko? Mimi naipenda DBZ, nilikua nayo, lakini mapenzi yasitufanye vipofu.

Mfano wa pili ndio unaouma, kwa sababu ni anime ninayoiheshimu kuliko karibu zote. Neon Genesis Evangelion ya Hideaki Anno, iliyoonyeshwa kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996. Ikifika vipindi vya 25 na 26, ratiba imeshawavunjikia. Unaona picha zilizosimama, michoro ya penseli isiyokamilika, maandishi kwenye skrini, sauti zikiongea juu ya kitu kisichosogea. Wapo wanaosema huo ndio ubunifu wake mkubwa, na mimi ni mmoja wao, hasa kwa kipindi cha mwisho. Hata hivyo mwaka 1997 wenyewe walitoa filamu ya The End of Evangelion ikiwa na mwisho mwingine. Ni ya mkono, ni ya miaka ya tisini, na bado muda uliwaishia.

Sasa nitazameni Akira (1988) ya Katsuhiro Otomo, ambayo kila shabiki wa "zamani" huitoa mfukoni kama kitambulisho cha chama. Wana haki. Filamu ile ina zaidi ya seli 160,000 (seli ni zile karatasi za plastiki angavu zilizokuwa zinapakwa rangi kwa mkono) na rangi 327. Sauti za waigizaji zilirekodiwa kwanza, kisha midomo ikachorwa kuzifuata, jambo ambalo anime nyingi hazifanyi kwa sababu linakula muda. Ile pikipiki nyekundu ya Kaneda inapokata kona na taa zinabaki nyuma yake kama mkia, bado nywele zinanisimama. Lakini Akira ilikuwa filamu ya pesa nyingi kuliko kawaida ya wakati wake, na hata yenyewe ilitumia kompyuta mahali pachache, mfano kile kifaa cha daktari kinachopima nguvu za watoto. Mkiilinganisha Akira na anime ya kila wiki ya leo mnalinganisha karamu ya harusi na ugali wa Jumatatu, halafu mnalaumu jiko.

Haya, kompyuta iliingiaje? Wengi wanadhani iliingia juzi. Princess Mononoke ya Hayao Miyazaki (1997) tayari ilikuwa na sehemu zilizopakwa rangi kwa kompyuta. Spirited Away (2001), iliyochukua Oscar mwaka 2003, ilipakwa rangi kwa kompyuta yote. Ndiyo, hiyo hiyo mnayoitaja mkitaka kutuonyesha uzuri wa mkono. Michoro ni ya penseli, kisha inaingizwa kwenye mashine na kupakwa rangi humo. Programu iliyotumika Ghibli inaitwa Toonz, ilitengenezwa na kampuni ya Italia, na Machi 2016 toleo lake la OpenToonz lilitolewa kama programu huria na kampuni ya Kijapani ya Dwango. Yaani leo hii wewe, ukiwa Kisumu au Mwanza, unaweza kuipakua bure na kusoma msimbo wake.

Kumbukeni jina hilo la Dwango, nitalirudia.

Nikubali la kweli: kompyuta imetumika vibaya, tena sana. Berserk ya 2016 inatembea kama vibonzo vya plastiki vinavyovutwa kwa uzi, na ni manga ya Kentaro Miura iliyochorwa kwa subira ya kutisha, kwa hivyo aibu ni mara mbili. Na kuna kisa cha Ghost in the Shell. Ile ya 1995 ya Mamoru Oshii ilichanganya seli na kompyuta kwa makini hadi huoni mshono. Mwaka 2008 ikatolewa tena kwa jina la 2.0, na yule Meja anayejirusha kutoka juu ya jengo mwanzoni mwa filamu akabadilishwa kuwa mwanasesere wa 3D. Mwongozaji ni yule yule, filamu ni ile ile, na imekuwa mbaya zaidi. Jamaa yangu huitaja hii kila mara. Lakini hebu fikiri: ya 1995 nayo ilikuwa na kompyuta ndani. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza walikuwa wanatengeneza filamu, mara ya pili walikuwa wanabandika kiraka juu ya kitu ambacho hakikuwa kimetoboka.

Upande wa pili wa mizani weka hizi tatu.

Land of the Lustrous (2017), vipindi 12, studio ya Orange. Ni 3D karibu yote. Wahusika ni vito vyenye umbo la watu, na mwanga unapita ndani ya nywele zao jinsi unavyopita ndani ya chupa ya kijani ukiishika juani. Jambo hilo ukimpa mtu seli na brashi, fremu baada ya fremu, atakukimbia. Phos, mhusika mkuu, anavunjika, anaunganishwa na vipande vya kitu kingine, na kila mara anabaki mpungufu wa kumbukumbu. Nimelia kwa ajili ya jiwe. Kama hiyo haina roho basi sijui tunatumia kipimo gani.

The First Slam Dunk (2022). Takehiko Inoue, aliyechora manga yenyewe, aliiandika na kuiongoza mwenyewe. Mpira wa vikapu umetengenezwa kwa 3D, na kwa mara ya kwanza kwenye anime niliona wachezaji kumi wote wakicheza, hata wasio na mpira. Kwenye ile ya zamani ya miaka ya tisini mtu huruka, anafikiria maisha yake, anamkumbuka mama, kisha anatua. Tulizoea, tukaita mtindo.

Ya tatu ni Frieren ya studio ya Madhouse, vipindi 28 kati ya Septemba 2023 na Machi 2024. Ni michoro ya watu, kwa kalamu za kidijitali na za kawaida, na kompyuta imeshika kila kitu kuanzia rangi hadi mwanga. Ni hadithi ya mchawi anayeishi miaka maelfu, ambaye anagundua kwamba hakuwahi kumjua rafiki yake hadi alipomzika. Watengenezaji wanaruhusu ukimya. Mtu anakunja nguo, na mkunjo wake unachorwa.

Mkitaka jaribio la maabara, lipo. One-Punch Man msimu wa kwanza (2015) ulitengenezwa Madhouse na wachoraji wengi wazuri waliokusanywa na mwongozaji Shingo Natsume. Msimu wa pili (2019) ukahamia studio nyingine na timu nyingine. Hadithi ni ile ile, Saitama ni yule yule mwenye kipara, kompyuta ni za miaka ile ile, lakini matokeo ni mbingu na ardhi. Kama kompyuta ndiyo mchawi, mbona iliroga msimu mmoja na kuuacha mwingine?

Sasa tuseme yale ambayo mashabiki hawapendi kuyasema. Mchoro wa anime hugawanywa. Mchoraji mkuu anachora mikao muhimu, kisha wachoraji wa kati wanajaza michoro iliyo katikati ili kitu kisogee. Hawa wa kati kwa miaka mingi wamelipwa kwa kila mchoro, na bei inayotajwa mara nyingi ni kama yeni 200. Hiyo ni chini ya shilingi mia mbili za kwetu, kwa mchoro mmoja, ndani ya Tokyo, mahali ambapo kodi ya chumba haikusubiri. Ripoti ya chama cha wachoraji cha JAniCA iliyotoka 2015 ilionyesha wa kundi hili wakipata wastani wa yeni milioni 1.1 hivi kwa mwaka. Na anime ikivuma, faida kwa kawaida huenda kwa kamati ya uzalishaji, yaani wachapishaji, vituo vya televisheni, kampuni za muziki na za vinyago walioweka pesa. Studio isiyo na hisa kwenye kamati hupokea ujira wake na kuaga. Mwaka 2023, Jujutsu Kaisen msimu wa pili ikiwa inatikisa dunia, baadhi ya wachoraji wake walilalamika hadharani kwenye mtandao wa X kuhusu ratiba. Sisi tulikuwa tunashangilia mapigano ya Shibuya huku waliotuchorea wakisema hawajalala.

Mimi hali hiyo naijua kwa kiasi changu kidogo. Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ililipa kwa kila skrini ya aplikesheni. Skrini moja, malipo haya. Basi ndugu zangu, nilijifunza haraka. Nilikuwa natengeneza skrini moja na kuinakili mara tisa, nabadilisha kichwa na rangi ya kitufe. Mwisho wa mwezi nilikuwa na skrini nyingi na mteja akasema aplikesheni inafanya kazi lakini "haina uhai". Uhai wa wapi, kwa bei ile? Hapakuwa na shida kwenye lugha niliyotumia wala kwenye kompyuta yangu. Walinunua skrini, nikawauzia skrini.

Kwa nini nimekasirika kiasi hiki juu ya katuni, kama mama yangu anavyoziita? Kwa sababu wimbo huu wa "kompyuta imeua roho" unawafaa watu wawili. Wa kwanza ni mwenye pesa, maana tukiilaumu mashine hatumuulizi yeye kuhusu ratiba na malipo. Wa pili ni muuzaji wa akili bandia, na huyu nawaombeni mumsikilize kwa makini kwa sababu anatoka kwenye fani yangu.

Januari 2023 Netflix ya Japani ilitoa filamu fupi ya Dog and Boy. Mandhari ya nyuma yalitengenezwa kwa msaada wa akili bandia, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba ni jaribio la kusaidia sekta yenye uhaba wa wafanyakazi. Kwenye orodha ya majina mwishoni, aliyetajwa kwa michoro ya mandhari ni akili bandia, na kwenye mabano pembeni yake likawekwa neno binadamu. Bila jina. Mtu aliyeketi akarekebisha picha zile hakupewa hata herufi mbili za jina lake. Na huo uhaba wa wafanyakazi, hebu tuuite kwa jina lake. Vijana wanaotaka kuchora hawajaisha. Wanaokosekana ni wanaoweza kuishi Tokyo kwa yeni 200 kwa mchoro.

Tena tusidhani mashine hizo zinafanya kazi peke yake. Sisi wa Nairobi ndio tunaopaswa kulijua hili kuliko wote. Januari hiyo hiyo ya 2023 jarida la TIME liliripoti kuhusu wafanyakazi wa hapa Kenya waliolipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma na kuainisha uchafu wa kila aina ili ChatGPT isiuteme. Mikono ya bei rahisi haikuondoka. Ilihamishwa mahali ambapo mtazamaji haioni.

Nilisema nitairudia Dwango. Mwaka 2016, mwaka ule ule ilipotoa OpenToonz, mkuu wake Nobuo Kawakami alimpelekea Miyazaki jaribio la akili bandia: kiumbe kinachotambaa kwa kusukuma kichwa chini, cha kutumiwa labda kwenye michezo ya mazombi. Mzee alichukizwa waziwazi, kamera za NHK zikiwa zinarekodi. Alimkumbuka rafiki yake mwenye ulemavu ambaye kila mwendo kwake ni maumivu. Machi 2025, watu walipojaza mitandao na picha zao za mtindo wa Ghibli kutoka ChatGPT, kipande hicho kilisambazwa upya kama ushahidi kwamba Miyazaki anachukia kompyuta. Si kweli. Studio yake ilikuwa imetumia kompyuta kwa takriban miaka ishirini. Kilichomuudhi ni kutengeneza mwendo wa kiumbe bila kujali maumivu ya yeyote. Filamu yake ya The Boy and the Heron (2023) ilichukua takriban miaka saba. Mtayarishaji wake, Toshio Suzuki, aliwahi kueleza kwamba wachoraji 60 walikuwa wanatoa dakika moja ya filamu kwa mwezi. Dakika moja. Mkitaka kujua roho inauzwa bei gani, hiyo ndiyo bei.

Si kila studio inaweza hivyo, najua. Lakini Kyoto Animation imeonyesha miaka mingi kwamba inawezekana kuwaajiri wachoraji kwa mshahara, kuwafundisha ndani ya nyumba, na kutoa kazi chache zilizoiva. Julai 2019 mtu aliichoma moto studio yao na watu 36 wakafa. Septemba 2020 filamu yao ya Violet Evergarden ikafika kwenye kumbi. Nilipoitazama niliyasoma majina ya mwishoni hadi skrini ikawa nyeusi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Tangu siku hiyo huyasoma kila mara.

Kwa hivyo wenzangu mashabiki, acheni kudai msimu mpya kila baada ya miezi sita kisha kulalamika umeharibika. Ukicheleweshwa, semeni asante. Mwenye uwezo alipe, na ninasema haya nikijua mimi nilianza kwa flashi na sina mimbari ya kuhubiria. Nanyi wenzangu waandishi wa programu, tukitengeneza vyombo kwa ajili ya wachoraji tuwaulize wao wanataka nini kabla ya kumuuliza anayewalipa. Blender ni mfano mzuri: mwaka 2019 studio ya Khara ya huyo huyo Anno ilitangaza kuhamia programu hiyo huria na kuichangia pesa, na filamu ya mwisho ya Evangelion ikatoka Machi 2021, safari hii ikiwa na mwisho ambao kweli umechorwa.

Jamaa yangu, Jumamosi njoo kwangu. Tutaanza na Land of the Lustrous, vipindi vyote 12, na nimelipia. Ukifika cha mwisho bado unasema haina roho, chakula cha jioni ni juu yangu. Usipoweza kusema, ni juu yako.